Sukari Iliyopanda Haishushwi na Mama Peke Yake

Leo naandika kutoka Kaloleni. Si ile ya Kilifi, bali mtaa wetu huu wa Kisumu, ambako nazi ya Pwani hukutana na samaki wa ziwani. Huku kama huko, nasikia kina mama wakisema, "Nimeambiwa sukari imepanda, lakini si ugonjwa bado." Wakishasema hivyo, mambo huishia hapo. Hili "bado" ndilo la kushughulikiwa.

Mtu mzima akipimwa asubuhi kabla ya kula, 7.0 na zaidi ni kisukari, kikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Kati ya 6.1 na 6.9 ni hali ya kabla ya kisukari. Wataalamu wengine huanzia 5.6. Maana yake insulini ipo, ila mwili umeanza kuikaidi, hasa mafuta yakijaa tumboni. Kongosho hulazimika kufanya kazi zaidi, na mwisho huchoka.

Habari njema ni kwamba hali hii hurudi nyuma. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000, theluthi mbili wakiwa wanawake, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliobadilisha chakula, wakapunguza uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Lengo la uzito lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu: mama wa kilo 80 apunguze kama kilo tano na nusu.

Kwa hapa kwetu, anza na vinywaji. Soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko vinane vya chai. Punguza sukari ya chai kidogo kidogo, ulimi utazoea. Kisha sahani: nusu iwe mboga, sukuma wiki au mnavu, robo samaki, dagaa au maharagwe, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati. Mahamri na kaimati viwe vya siku moja moja, si kila asubuhi, wala kila futari. Baada ya Alasiri, tembea nusu saa kwa hatua za haraka, siku tano kwa wiki. Buibui halizuii mwendo. Nenda na jirani, au acha boda uende Kibuye kwa miguu.

Uliyepata sukari wakati wa mimba, usijihesabu umepona kwa kuwa umejifungua. Upimwe wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha angalau kila miaka mitatu. Na mwenye dawa asiziache bila kumuuliza daktari.

Lakini nina neno kwa kina baba. Nyumba zetu zina sufuria moja. Mama akipunguza mafuta, mume akanuna na watoto wakadai soda, ataacha baada ya wiki mbili. Tusimwachie mzigo yule anayetupikia sote. Kubalini sahani mpya, mshikieni watoto atoke kutembea. Mkifanya hivyo mtajikinga nanyi pia, kwani kisukari hakichagui baba wala mama.