Kuharisha Kusikokoma Hata Ukifunga

Huku Ushetu mtu akiumwa tumbo kwa muda mrefu huambiwa ana vidonda vya tumbo, naye hukimbilia duka la dawa. Wakati mwingine huwa ni kweli. Lakini yapo maradhi yanayojificha nyuma ya jina hilo, na mojawapo ni uvimbe wa nyuroendokrini.

Uvimbe huu huota kwenye seli zinazotengeneza homoni, hasa za utumbo, kongosho na mapafu. Mara nyingi hukua polepole kwa miaka. Homoni zake zikizidi, hasa uvimbe ukishafika kwenye ini, mgonjwa huweza kuharisha majimaji, kupata joto la ghafla usoni na kubanwa kifua kama mwenye pumu. Mama wa makamo akihisi joto hilo, hudhaniwa ni kukoma hedhi tu.

Saumu yaweza kukupa dalili. Kuharisha kunakoletwa na chakula hupungua mtu akifunga, bali kwa uvimbe huu huweza kuendelea tumbo likiwa tupu. Aliye katika hali hiyo ni mgonjwa: afungue, anywe maji, aende hospitali.

Je, wagonjwa ni wengi? Nchini Marekani, mwaka 1973 aligunduliwa mtu 1 katika kila watu 100,000. Mwaka 2012 walikaribia 7. Vipimo bora vimechangia sana ongezeko hilo.

Hesabu za huko zinaonyesha pia nani huishi. Uvimbe uliokutwa ukiwa bado ulipoanzia, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliishi miaka 30 na zaidi. Uliokwisha kusambaa mbali, nusu walifariki ndani ya mwaka 1. Ukali wa seli nao una uzito: zile zinazokua taratibu humwachia mgonjwa miaka mingi, kali humwachia miezi. Ndiyo maana daktari huchukua kinyama kikapimwe maabara.

Uvimbe ukiwahiwa huweza kuondolewa kwa upasuaji. Ukiwa umesambaa, zipo sindano za kutuliza homoni.

Basi, kama wewe au mzee wako ameharisha zaidi ya mwezi, au dawa za vidonda hazisaidii, acheni kuongeza vidonge. Nendeni zahanati, mkaombe rufaa ya Kahama, na ikibidi Bugando, Mwanza. Mwelezeni daktari tatizo lilianza lini, dawa zipi zimetumika, na kama kuharisha kunaendelea hata mkifunga.