Kofia za watoto njiti kwanza, vitambaa vya makochi baadaye

Dodoma. Kila ifikapo Juni, familia zilizohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam hugundua jambo ambalo wenyeji hawahitaji kuambiwa: huku kuna baridi. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo wa kipupwe hupita bila kizuizi, na alfajiri za Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 13 za Selsiasi.

Kwa mama mmoja wa watoto wawili anayeishi Ilazo, baridi hiyo ndiyo iliyobadilisha mpangilio wa kazi zake za mikono. Amekuwa akifuma tangu akiwa sekondari. Hauzi, na hana mpango wa kuuza. Hufuma usiku watoto wakishalala, na akisafiri pia: tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya Dar humtosha kumaliza soksi moja, ya pili huimaliza akirudi.

Kwa sasa ana kazi nne. Sweta la mwanawe wa darasa la kwanza alilianza Aprili. Mgongo umekwisha, kifua kimefika kwapani, lakini mkono wa kulia ameshaufumua mara mbili kwa kuwa ulibana. Blanketi la uzi wa pamba liko nusu. Vitambaa vya makochi vinatakiwa sita, viwili ndivyo vilivyokamilika, na hivyo vinaweza kusubiri. Wageni huviketia na kuviangusha hata hivyo.

Kazi ya nne ndiyo iliyozipita nyingine zote: kofia kumi za watoto njiti. Julai mwaka jana mdogo wake alijifungua kabla ya siku. Wodini wakaambiwa walete kofia na soksi. Kofia zilizopatikana dukani zilimfunika mtoto hadi kidevuni. Usiku huo dada mtu akafuma moja kwa uzi uliobaki kwenye sweta, na asubuhi ikapelekwa.

Si urembo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na hupoteza joto jingi kikiwa wazi, hasa kikiwa na unyevu. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Njiti ana mafuta kidogo chini ya ngozi, hivyo hushuka chini ya hapo haraka, na akipoa hata kunyonya humshinda.

Ndiyo maana hospitali hutumia huduma ya kangaroo, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mtoto hubaki na nepi, kofia na soksi tu, akalazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wakafunikwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri ianze mapema baada ya kuzaliwa na ifanyike saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba, bibi au shangazi anaweza kupokea zamu. Hapo sweta, hata liwe zuri vipi, ni kikwazo: linaitenga ngozi ya mtoto na ile inayompa joto.

Kwa anayetaka kufuma, kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi huwa na mzunguko wa karibu sentimita 35. Cha njiti wengi ni chini ya 32. Fuma pungufu kwa sentimita mbili au tatu, kwani uzi huvutika. Tumia uzi laini na mfumo uliobana. Matundu makubwa, na nyuzi zinazoning'inia ndani ya soksi, huweza kunasa kidole cha mtoto na kuzuia damu. Usiweke riboni za kufunga shingoni, vifungo wala shanga. Ifue, ianike ikauke kabisa, na uwaulize wauguzi kabla ya kuipeleka wodini.

Mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi na yuko nyumbani hahitaji kulala na kofia ndani ya chumba chenye joto la kutosha. Inaweza kumteremkia usoni, au akapata joto kupita kiasi. Kujua kama ana baridi, gusa kifua au kisogo. Mikono ya mtoto mchanga huwa ya baridi mara nyingi hata akiwa salama.

La hatari zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili mtoto apate joto, kisha mlango ukafungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Mtoto na aongezwe nguo, alale karibu na mama, jiko libaki nje.

Kofia saba zimekwisha. Mama huyo amejipa hadi mwisho wa mwezi kumaliza tatu zilizobaki, kisha arudi kwenye mkono wa kulia wa sweta, ambao mwanawe ameshaanza kuuulizia kila asubuhi.