Nani Amemeza Dawa ya Minyoo?

Siku ya dawa za minyoo katika shule za msingi nchini Kenya, mwalimu humpa mtoto kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, humtazama akikitafuna, kisha huweka alama kwenye fomu. Takwimu hizo hujumlishwa kutoka shule hadi kaunti. Shirika la Afya Duniani hutaka angalau asilimia 75 ya watoto walio hatarini wafikiwe. Tatizo ni: asilimia ya watoto gani? Rejista haiwataji wasiosoma, na minyoo haiwaruki. Wakihesabiwa walioandikishwa pekee, kiwango hupanda kwenye karatasi tu. Ndiyo maana baada ya ugawaji hufaa kupita nyumba kwa nyumba, mtoto aonyeshwe kidonge na kuulizwa kama alikimeza.