Tumbako na kidonda cha operesheni: juu ya nini munganga anakuuliza?

Mutu akienda kurekebishwa kovu la moto ao mudomo uliopasuka tangu kuzaliwa, munganga anamuuliza: «Unavutaka tumbako?» Wengi wanaficha kwa haya. Na mama muzee wa kunusa anajibu bila uongo: «Hapana, siko navuta.» Lakini nikotini iko hata ndani ya tumbako ya kunusa.

Nikotini inakaza mishipa midogo ya damu. Moshi wa sigara nao unaleta gazi inayokamata nafasi ya oksijeni. Sasa, katika kurekebisha sura, munganga anasogeza ngozi na kuishona mahali pengine. Ngozi hiyo inaishi kwa mishipa midogo tu. Ikikosa damu inageuka nyeusi, inakufa, mushono unafunguka, na kovu linaweza kuwa baya kuliko lile la kwanza.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema: acha sigara majuma 4 hivi mbele ya operesheni, hatari inapunguka. Kisha operesheni, usirudilie.

Baba, mama, mwambie munganga ukweli wote, hata wa kunusa. Hakuulizi ili akuhukumu. Anataka kidonda chako kipone.