Maradhi Yanayopatikana Wodini

Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuingia nayo. Kwa kawaida huhesabiwa hivyo yakianza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa. Kwa kidonda cha upasuaji, muda huo hufika siku 30, hata kama mgonjwa alikwisharudi nyumbani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau ambukizo moja. Katika nchi tajiri ni 7. Mmoja kati ya kumi wa walioambukizwa hufa.

Wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, habari hizi huvuma pale ugonjwa wa Marburg unapotokea. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha ugonjwa huo Biharamulo, na hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa: wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliodhaniwa. Wote walikufa. Miezi michache kabla, ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda ilipata wagonjwa 66 na vifo 15, na sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya.

Si ajabu. Kirusi cha Marburg hukaa kwa popo wala matunda, lakini kikishamwingia mtu huenea kwa kugusana na damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, yaani vitu ambavyo muuguzi hushughulika navyo kila siku. Siku za mwanzo mgonjwa ana homa, kichwa kinamuuma, mwili umechoka. Mkoani Kagera yeyote angewaza malaria kwanza. Anawekewa kanula ya mshipani kama wengine. Kutokwa damu, kukitokea, huja baadaye, wakati wengi wamekwishamgusa.

Hata hivyo, bakteria wa kawaida huambukiza wagonjwa wengi zaidi, na kwao hakuna anayeitisha mkutano wa waandishi wa habari. Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta asilimia 26 ya waliofanyiwa upasuaji mkubwa wamepata maambukizi ya kidonda. Aliyeongoza ni stafilokoko, bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wazima wa afya. Upasuaji uliozidi saa tatu uliongeza hatari. Nje ya chumba cha upasuaji, njia kuu ni mpira wa mkojo na kanula, hasa vikiachwa mwilini baada ya haja kwisha.

Anayewabeba bakteria hao kutoka kitanda hadi kitanda mara nyingi ni mkono. Glavu nazo hudanganya: muuguzi asiyezibadilisha anajikinga yeye na kumpelekea mgonjwa wa pili uchafu wa wa kwanza. Tena katika hospitali nyingi za wilaya anayemlisha, kumgeuza na kumfulia mgonjwa ni ndugu yake, ambaye mafunzo ya kunawa hayamfikii. Ndoo ya koki na sabuni mlangoni mwa wodi humhusu yeye sawasawa na daktari.

Ambukizo likishaanza, dawa huchaguliwa kwa kukisia pale ambapo maabara haiwezi kuotesha usaha na kujua bakteria gani yumo. Antibiotiki ya seftriaksoni hutumika hivyo mno, na bakteria sugu huongezeka.

Wengi huugulia nyumbani. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa baada ya siku chache. Kidonda kikivimba, kikatoa usaha au homa ikapanda wiki ya pili, huenda akaenda zahanati ya jirani. Huko hutibiwa, lakini hospitali iliyompasua haipati habari, na katika daftari lake anabaki kuwa mgonjwa aliyepona.