Taa Zote Zikiwaka: Sinema ya Mtu Aliyegeuka Mbwa Mwitu

Mwezi wa Februari 1981, askari polisi wa jiji la London waliruhusu jambo ambalo kwa muda wa miaka 15 lilikuwa limekataliwa, nalo ni kupigwa sinema katikati ya Piccadilly Circus, njia panda mashuhuri kuliko zote za jiji lile. Ruhusa ilikuwa ya usiku mbili tu, kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi alfajiri. Magari ya raia yalisimamishwa mara tatu, na kila mara kwa dakika mbili. Ndani ya dakika hizo basi la ghorofa lilipaswa kuyumba, magari yagongane, watu warushwe huku na huko, na kisha njia irudishwe kwa wenyewe. Mwongozaji wa sinema, Mmarekani John Landis, alijitia mwenyewe katika msukosuko ule, akawa mmoja wa watu wanaogongwa na kutupwa dirishani.

Namna alivyoipata ruhusa ile inastahili kusimuliwa mbele ya wasomaji wa ukurasa huu. Landis aliwaalika polisi wapatao 300 wa London wakaitazame sinema yake ya mwaka 1980, The Blues Brothers. Kwa wasiopata kuiona, hiyo ni sinema ambayo ndani yake magari ya polisi yanapondwa kwa makumi, moja juu ya jingine, kama viazi vilivyomwagika gunia. Twakiri kwamba sisi tusingethubutu kumpelekea kamanda yeyote ombi lenye kiambatisho cha namna hiyo. Lakini maofisa wale walicheka, wakaona kwamba kazi yote ile ya kuvunja magari ilikuwa imepangwa kwa hesabu, wakatia saini.

Sinema iliyotokana na ruhusa hiyo yaitwa An American Werewolf in London, na ilitoka Marekani mwezi wa Agosti 1981. Zaidi ya miaka 40 imepita, na wapenzi wake hawajapungua. Wako walioiona katika kanda za video walipokuwa vijana, nao sasa wanawaonyesha watoto wao waliokwisha kukua. Wako wanaoisimamisha picha moja moja ili kuuchunguza mkono unaorefuka. Wako pia wanaobishana, tena kwa hasira, kama ni bora kuliko The Howling, sinema nyingine ya jambo lilo hilo iliyotoka mwaka ule ule. Tumejiuliza ni kitu gani kinachowafunga watu kwa sinema ambayo gharama yake ilikuwa kiasi cha dola milioni 6 tu, ilhali leo fedha za mara 20 ya hizo hutumika katika sinema zinazosahauliwa kabla ya mvua kuanza.

Kisa chenyewe ni chepesi. Vijana wawili wa Kimarekani, David Kessler na Jack Goodman, wanasafiri kwa miguu katika nyika za Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mabegi yakiwa mgongoni. Baridi inawaingiza katika kilabu cha pombe kiitwacho Mwanakondoo Aliyechinjwa. Ukutani wanaona nyota ya pembe tano na mishumaa. Wanauliza maana yake, na papo hapo kilabu kizima kinanyamaza. Wanaondoka wakiwa wameonywa wasiiache barabara na wajihadhari na mwezi. Barabara wanaiacha. Mnyama anamuua Jack na kumjeruhi David, kisha wanakijiji wanampiga mnyama yule risasi, na anayelala chini amekufa ni mtu aliye uchi.

David anazinduka katika hospitali ya London baada ya wiki tatu, akihudumiwa na muuguzi Alex Price. Jack naye anakuja kumwamkia, koo likiwa limechanika, na kumweleza kwa sauti ya urafiki kabisa kwamba mwezi mpevu ukitoka atageuka mbwa mwitu na kuua watu. Kwa hiyo yafaa ajiue mapema. Tufahamishe kwamba mbwa mwitu huyu ni yule wa Ulaya, mkubwa wa kijivu, wala si yule wa mbugani kwetu mwenye madoa na masikio ya duara. Wazee wetu wakisimulia mambo kama hayo aghalabu walimtaja fisi au chui, lakini khofu ni ile ile: ya kwamba jirani uliyeagana naye jioni si yule atakayetembea usiku.

Landis aliiandika hadithi hii mwaka 1969, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alipokuwa kibarua wa sinema ya kivita iliyokuwa ikipigwa Yugoslavia. Huko alishuhudia mazishi ya mtu mmoja wa kabila la Waroma. Maiti ilizikwa njia panda, miguu ikitangulia, na vitunguu saumu vikiwa vimefungwa mwilini, ili marehemu asiinuke kuwasumbua walio hai. Landis hakusadiki, lakini alijiuliza angefanyaje iwapo marehemu yule angeinuka kweli. Kwa muda wa miaka 12 alizunguka na maandishi yake. Wenye fedha walimjibu kwamba yanatisha mno kuwa kichekesho, na yanachekesha mno kuwa ya kutisha.

Hapo ndipo walipokosea, na watazamaji wamewasahihisha. Sisi tuliowahi kusimama zamu ya usiku twajua kwamba kicheko na khofu hulala chumba kimoja. Mlinzi anayekiona kisiki kikisogea, akauliza nani huyo mara tatu, hucheka asubuhi na wenzake hadi machozi. Lakini usiku ule kidole chake kilikuwa pale pale kwenye kifyatulio. Landis alielewa kwamba mzaha haupunguzi khofu endapo khofu yenyewe haifanyiwi mzaha. Jack anapopiga soga huku kipande cha ngozi kikining'inia shingoni na kutikisika kwa kila neno, mtazamaji hucheka, na macho yake hayawezi kukiacha kile kipande.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe, maana wapenzi wa sinema hii hawakawii kufika hapo. Katika sinema za zamani mtu aligeuka mnyama gizani, au nyuma ya meza, au kwa picha kupandana juu ya picha. Mwaka 1941, katika The Wolf Man, mchezaji Lon Chaney Mdogo alikaa kimya bila kutikisika huku fundi Jack Pierce akimbandika nywele za yaki hatua kwa hatua, na kila hatua ikipigwa picha. Landis alitaka kinyume cha hayo. Alitaka mtu ageuke chumbani, taa zote zikiwaka, asijifiche popote, na tena aumie. Alisema kwamba mwili ukibadilika mifupa kwa muda wa dakika chache, hauwezi kukosa maumivu. Basi David, aliyechezwa na David Naughton, amekaa akisoma kitabu katika nyumba ya Alex. Ghafula anaruka akilia kwamba anaungua, anachana nguo zake, na kinachofuata kwa dakika mbili na zaidi hakijazeeka hata leo.

Fundi wa kazi ile alikuwa Rick Baker, kijana wa miaka 30 wakati huo. Yeye na Landis walikuwa wamefahamiana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika sinema ndogo iitwayo Schlock, na tangu siku hizo Landis alikuwa amemwahidi kazi hii. Miaka ikapita hata Baker akachoka kungoja, akakubali kuitengenezea The Howling mbwa mwitu wake. Landis aliposikia alimpigia simu akifoka. Baker akarudi kwenye ahadi ya zamani, na The Howling akamwachia mwanafunzi wake Rob Bottin, aliyekuwa na miaka 20 na kitu. Ndiyo maana ubishi wa wapenzi wa sinema hizi mbili kwa hakika ni ubishi baina ya mwalimu na mwanafunzi.

Baker alikusanya vijana wachache, wakafanya kazi kwa miezi. Hakuna kompyuta iliyotumika. Nywele zinazoota mwilini zilishonwa katika ngozi ya bandia, kisha zikavutwa kuingia ndani huku kamera ikizunguka. Ukanda ulipoonyeshwa kinyumenyume, nywele zikaonekana kuchipua. Mkono unaorefuka ni sanamu ya mkono wa Naughton mwenyewe, iliyotengenezwa kwa plastiki inayonyumbuka na yenye mitambo ndani ya kukivuta kiganja. Uso unaochomoza na kuwa pua ya mnyama ni kichwa cha bandia. Nyuma yake mlikuwa na vyuma vilivyosukumwa kwa hewa kupitia mirija, na mafundi waliojificha wakiishika mirija hiyo. Mnyama aliyekamilika hakuwa mtu aliyesimama wima kwa manyoya, kama ilivyokuwa desturi. Alikuwa wa miguu minne: mtu ndani yake akitembea kwa mikono, naye akisukumwa kutoka nyuma mithili ya toroli.

Jack alipata matengenezo yake peke yake, kwani kila anaporudi ameoza zaidi. Mara ya tatu, katika ukumbi wa sinema pale Piccadilly, si mchezaji Griffin Dunne tena anayeonekana, bali kikaragosi cha mifupa na ngozi iliyokauka, na Dunne mwenyewe ndiye aliyekuwa akikichezesha kinywa. Amekaa pamoja na wale sita waliouawa na David usiku uliotangulia, nao wanamshauri kwa adabu ni njia gani ya kujiua iliyo nyepesi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu iliyo bora kupita zote, hata kupita ile ya chumbani. Waliouawa hawapigi kelele. Wanazungumza tu.

Wasomaji wetu wa jeshi la polisi watatambua jambo jingine. Asubuhi baada ya mauaji, David anaanza kuamini kwamba yeye ndiye aliyeua. Anakimbilia Trafalgar Square, anamwendea askari polisi na kumwomba amkamate. Askari anamtazama kama mlevi. David anamtukana Malkia, anamtukana Churchill, hata Shakespeare hasalimiki. Askari anamwambia atulie aende zake. Watazamaji hucheka sana hapo. Lakini usiku huo huo watu wengine wanakufa, miongoni mwao inspekta yule yule aliyekwenda hospitali kumhoji David na kuyakataa maelezo yake. Sinema haimlaumu askari wa Trafalgar, wala sisi hatumlaumu. Ni ofisa gani angemfungia mtu kwa kosa analodhani atalitenda mwezi ukitoka? Wenye deni ni wale wa kilabuni. Walijua, wakaamua kwamba siri ya kijiji ni bora kuliko roho za wageni wawili, na polisi walipofika wakawaambia kwamba ni mwendawazimu aliyetoroka. Kila mpelelezi aliyewahi kufika katika kijiji kilichokubaliana kunyamaza amewahi kunywa maji ya kilabu kile.

Wako waliosema tangu mwanzo kwamba sinema inakatika ghafula, kama iliyoishiwa ukanda. Mhakiki mashuhuri wa Marekani, Roger Ebert, aliiona kuwa haikumalizwa. Hata hivyo tarehe 29 Machi 1982, Baker alipokea tuzo ya Oscar ya kwanza kabisa kushindaniwa katika fani ya upodozi. Michael Jackson aliitazama, akawaita Landis na Baker wamtengenezee picha ya wimbo wake Thriller, iliyotoka Desemba 1983. Wengi wetu hapa Afrika ya Mashariki tulianza kwa Thriller, bila kujua kwamba mgeuko ule wa Jackson ulikuwa na kaka mkubwa.

Haingekuwa haki kumsifu Landis kwa zile dakika mbili za Piccadilly tukakinyamazia kilichofuata. Tarehe 23 Julai 1982, alipokuwa akipiga usiku sehemu yake ya Twilight Zone: The Movie huko California, helikopta iliruka chini mno juu ya baruti zilizokuwa zikilipuliwa. Ilianguka ikamuua mchezaji Vic Morrow pamoja na watoto wawili, ambao walikuwa wameajiriwa kinyume cha sheria. Landis na wenzake wanne walishtakiwa, na mwaka 1987 mahakama iliwaachia. Wanaosema kwamba vitu vya kweli mbele ya kamera ni bora kuliko vya kompyuta wanasema kweli kwa upande wa macho. Lakini baruti ya kweli ni baruti, nasi tuliofundishwa kuitega twajua kwamba umbali wa usalama haupimwi kwa hamu ya kupata picha nzuri.

Mwaka 1997 ilitoka sinema ya kuifuata, An American Werewolf in Paris, bila Landis wala Baker. Mbwa mwitu wake walichorwa kwa kompyuta, wakaonekana wepesi kama vivuli, na wapenzi wa ile ya kwanza hawakuwapokea. Baker aliendelea hadi akafikisha Oscar 7, ya mwisho ikiwa ya The Wolfman ya mwaka 2010, mbwa mwitu tena, na mwaka 2015 akatangaza kustaafu.

Sinema hii ina damu nyingi na watu uchi, kwa hiyo isionyeshwe bwaloni watoto wa kambi wakiwa macho. Atakayeitazama, afikapo kwenye sehemu ya chumbani, David akiwa chali na mwili wake ukiwa umekwisha kurefuka kama wa mnyama, aikazie macho sakafu. Kichwa na mikono ni vya Naughton. Kiwiliwili na miguu ni vya bandia. Mwili wake wa kweli uko chini, ndani ya tundu lililokatwa katika mbao, na huwezi kuuona ukingo wake.