Fosfeti si Fosfidi

Baada ya mavuno ya mwaka jana nilikwenda Kitale kumjulia hali shangazi yangu. Nilimkuta binamu yangu ameshika kikopo cha vidonge vya kuzuia wadudu, yu tayari kuvitia katika magunia ya mahindi yaliyopangwa chumbani alalamo shangazi. Nikamwuliza ni kitu gani hicho. Akatupia jicho maandishi ya kikopo, akacheka.

"Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Ni fosfeti tu, kama ile mbolea tuliyopandia."

Nilikitwaa kikopo nikasoma mwenyewe. Kilichoandikwa ni fosfidi ya alumini.

Ndugu msomaji, herufi mbili tu ndizo zinazoyatenga maneno hayo. Yote mawili yamezaliwa na fosforasi, ambayo Hennig Brand aliigundua mjini Hamburg mwaka 1669 alipokuwa akichemsha mikojo kwa tamaa ya kupata dhahabu! Dhahabu hakuipata. Alipata kitu king'aacho gizani, kikapewa jina la Kiyunani lenye maana ya mleta nuru.

Fosfeti ni fosforasi iliyokwisha kushikana na oksijeni ikatulia. Imo katika mifupa na meno yetu, imo katika mbolea ya DAP, na mwamba wake huchimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara huko Tanzania. Fosfidi haina oksijeni hiyo. Ni fosforasi iliyoungana na metali kama vile alumini au zinki. Ikiguswa na unyevu, hata ule wa hewani, hutoa gesi iitwayo fosfini, ambayo huua mdudu, panya na mtu bila kuchagua. Ile ya zinki ndiyo sumu ya panya: asidi ya tumbo lake mwenyewe huifungua gesi. Na hospitali haina dawa maalumu ya kuizimua.

Kiswahili chetu nacho kina ukarimu uliopita kiasi. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na sasa dawa ya mahindi. Mwenye kusikia "dawa" atashtukaje?

Vidonge tulivirudisha dukani jioni ile ile, kikopo hakijafunguliwa. Nilimweleza shangazi habari yote, polepole, naye akanisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "kama ni sumu, mbona yule muuzaji aliniambia ni dawa?"

Sikuwa na jibu.